Kushuka mlima na tela: mwongozo kamili wa kutumia injini na gia kuzuia gari

Gia ya kushukia huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza. Karibu kila kitu kinachofuata hapa ni maelezo ya kwa nini ni hivyo na namna ya kufanya hivyo. Dereva anayesubiri gari lishike kasi ndipo aanze kutafuta gia nzito huwa amechelewa. Kwenye gari la gia za mkono, gia itakataa kuingia au itaingia kwa kishindo. Kwenye otomatiki, kompyuta ya giaboksi itagoma kwa sababu injini ingepitiliza mzunguko wake wa juu. Kinachobaki ni breki peke yake, na breki za gari dogo hazikuundwa kubeba kazi hiyo kilomita baada ya kilomita bila kupumzika.

Humu gia nzito ni za chini, yaani ya kwanza, ya pili na ya tatu. Gia nyepesi ni za juu, ya nne na kuendelea.

Ukubwa wa kazi yenyewe

Chukua gari la kilo 2,500 linalovuta tela la kilo 2,000. Jumla ni kilo 4,500. Likishuka mita 500 za wima, nishati inayotakiwa kwenda mahali fulani ni takriban megajuli 22. Kiasi hicho kinatosha kuchemsha lita 65 za maji ya nyuzi 20 mpaka yatokote. Nusu yake tu ikiingia kwenye diski za breki zenye jumla ya kilo 40 za chuma, joto la diski lingepanda kwa karibu nyuzi 600 kama upepo usingekuwa unapoza.

Mteremko wa asilimia 6 maana yake ni kwamba kila mita 100 za barabara unashuka mita 6. Kwa msafara wetu wa kilo 4,500, mlima unasukuma kwa nguvu ya takriban niutoni 2,650. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hizo ni kilowati 44 za kusukumwa, na kwa kilomita 40 ni kilowati 29. Msuguano wa tairi na upepo huchukua sehemu, lakini usitegemee upepo: nguvu yake hupungua haraka kasi inaposhuka. Iliyobaki hugawanywa kati ya injini na breki, na gia ndiyo inayoamua mgawo.

Nishati ya mlima haipungui kwa kwenda taratibu. Mita 500 ni mita 500. Faida ya mwendo mdogo ni kwamba joto lilelile linapewa muda mrefu zaidi wa kutoka, na pia gari lenye kasi ndogo lina deni dogo la kulipa likitakiwa kusimama ghafla: kwa kilomita 60 kwa saa nishati ya mwendo ni asilimia 56 tu ya ile ya kilomita 80.

Injini inazuiaje gari

Ukiachia mafuta huku gia imeingia, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Kwenye injini ya petroli, kilango cha hewa hufungwa karibu kabisa. Pistoni zinaposhuka zinavuta hewa isiyopatikana, na kazi hiyo ya kuvuta, pamoja na msuguano wa ndani, ndiyo inayozuia gari.

Dizeli ni habari nyingine. Kwa kawaida haina kilango kinachobana hewa namna hiyo, kwa hiyo silinda hujaa hewa, pistoni inaibana, halafu hewa hiyo inaisukuma pistoni irudi chini na kurejesha sehemu kubwa ya nguvu iliyotumika. Kinachobaki ni msuguano na joto lililopotea. Ndiyo sababu dizeli nyingi za kazi nzito huongezewa breki ya ekzosi, yaani kifaa kinachoziba njia ya moshi ili injini izuie zaidi, na ndiyo sababu dereva aliyezoea petroli hushangaa anapohamia pikapu ya dizeli isiyo na kifaa hicho. Dizeli ya kawaida inahitaji gia nzito zaidi kuliko unavyodhani.

Injini za kisasa zenye sindano za kielektroniki hukata mafuta kabisa unapoachia eksileta ukiwa kwenye gia, mpaka mzunguko unapokaribia ule wa injini gari likiwa limesimama ndipo yanarudi. Kwa hiyo injini inayonguruma kwa mizunguko 3,500 kwa dakika kwenye mteremko haichomi mafuta na haiungui. Joto la maji kwenye rejeta mara nyingi hushuka. Ngurumo hiyo huwatisha abiria, na huwafanya madereva wengi wapandishe gia pasipo sababu.

Sasa gia. Tuseme giaboksi yako ina uwiano wa 0.75 kwenye gia ya tano, 1.0 kwenye ya nne na 1.4 kwenye ya tatu. Kwa kasi ileile, ukitoka ya tano kwenda ya tatu mizunguko inaongezeka mara 1.87: iliyokuwa 1,800 inakuwa karibu 3,360. Nguvu ya kuzuia inayofika kwenye magurudumu inaongezeka zaidi ya hapo, kwa sababu uzuiaji wa injini unazidishwa na uwiano wa gia na pia injini yenyewe inapinga zaidi inapozunguka haraka. Gia moja kwa hiyo si tofauti ndogo. Mara nyingi ndiyo tofauti kati ya kugusa breki mara chache na kufika chini zikitoa moshi.

Kuna kanuni ya zamani isemayo ushuke kwa gia ambayo ungepandia. Ilikuwa sahihi kwa malori ya zamani yenye nguvu kidogo. Injini za leo zenye tabo hupanda mlima kwa gia ya tano bila kulalamika, lakini gia hiyo ya tano haitakushikilia ukishuka. Ichukulie kanuni hiyo kama mahali pa kuanzia, kisha ongeza uzito wa gia moja, na kama ni dizeli isiyo na breki ya ekzosi, fikiria mbili.

Kabla ya safari

Pima au kadiria kwa ukweli uzito wa tela lililopakiwa. Mlinganishe na kikomo cha gari na cha kiungio. Panga mzigo mzito juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Tela lililolemewa nyuma huanza kupiga mkia, na mteremkoni tabia hiyo huwa mbaya zaidi kwa sababu tela linasukuma badala ya kuvutwa.

Oili ya breki ni jambo linalosahauliwa kuliko yote. Hunyonya unyevu kutoka hewani miaka inavyopita, na kila tone la maji hushusha kiwango chake cha kuchemka. Viwango vya chini vya kuchemka vinavyotakiwa kwa oili ya daraja la DOT 3 (daraja huandikwa kwenye chupa) ni nyuzi 205 ikiwa mpya na 140 ikishanyonya maji. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Kwa DOT 5.1 ni 260 na 180. Oili ikichemka inatoa mapovu, mapovu yanabanika, na pedali inakwenda mpaka sakafuni bila breki kushika. Kwa anayevuta tela milimani, badilisha kila miaka miwili hata kama rangi inaonekana safi.

Pedi zikibaki milimita 3, zibadilishe kabla ya safari ya mlima. Mbali na kukaribia kuisha, pedi nyembamba hupitisha joto haraka zaidi kwenda kwenye pistoni ya breki na kwenye oili.

Breki za tela zijaribiwe peke yake. Kama ni za umeme zenye kidhibiti ndani ya gari, nenda kilomita 40 kwa saa kwenye barabara tambarare, kavu na isiyo na watu, kisha vuta wenzo wa kidhibiti bila kugusa pedali. Ongeza nguvu mpaka tairi za tela zikaribie kukwama, halafu rudisha kidogo. Rudia kila uzito wa mzigo unapobadilika. Kipimo kilichowekwa tela likiwa tupu hakifai likiwa limejaa.

Angalia pia upepo wa tairi za gari na tela zikiwa baridi, minyororo ya usalama, na waya wa dharura unaofunga breki za tela likichomoka.

Tela lenye breki za kusukumwa

Aina hii inahitaji aya zake, kwa sababu ushauri wa jumla unaipuuza. Breki za kusukumwa hazina umeme wala kidhibiti. Tela linapolisukuma gari, kichwa chake kinarudi nyuma kwenye kiungio na kuvuta breki zake. Kwenye tambarare ni mpango mzuri. Mteremkoni, gari likizuiwa na injini, tela linaendelea kusukuma hata kama hujagusa pedali, na breki zake zinashika nusunusu muda wote. Una breki za gari zilizo baridi na dramu za tela zinazoiva bila wewe kujua.

Dawa yake ni kushuka polepole zaidi, kusimama mara nyingi zaidi, na kila ukisimama kusogeza kiganja karibu na kitovu cha gurudumu la tela bila kugusa chuma. Ukisikia joto kali kabla hujafikia, subiri. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine, breki yake inabana kupita kiasi au beringi inakufa. Vyote viwili si vya kupuuza.

Kwa breki za umeme tatizo ni la upande wa pili: kwa kawaida hazifanyi kazi mpaka ukanyage pedali. Injini ikizuia, tela lote linaliegemea gari. Kwenye lami kavu hakuna shida. Kwenye matope au kokoto, shida inaanza hapo, kama itakavyoonekana chini.

Juu ya mlima

Soma kibao cha mteremko: asilimia na urefu. Asilimia 4 kwa kilomita moja ni jambo dogo. Asilimia 7 kwa kilomita 9 ni mita 630 za wima, na hapo unahitaji mpango. Kama umetoka kupanda mlima mrefu, simama dakika chache juu ili oili ya giaboksi ipoe, hasa kwenye otomatiki.

Kabla ya ukingo:

1. Zima mfumo wa kushikilia mwendo. Ule wa kawaida haujui kuzuia gari mteremkoni, na mwingine utakanyaga breki kwa niaba yako bila kukuambia.
2. Zima ovadraivu (gia nyepesi kabisa ya kuokoa mafuta), na washa hali ya kuvuta tela kama gari lina kitufe chake.
3. Punguza mwendo mpaka kilomita 10 chini ya ule unaotaka kushukia.
4. Ingiza gia ya kushukia hapo hapo, barabara ikiwa bado tambarare.
5. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu ya wastani. Pedali iwe juu na ngumu. Ikiwa laini, safari inasubiri.

Mwendo wa kushukia unaamuliwa na uzito, mwinamo, kona na hali ya barabara. Kikomo cha sheria ni dari tu. Lori likienda taratibu mbele yako, linakupa habari.

Kushusha gia za mkono

Lengo ni injini na magurudumu vikutane kwa mizunguko inayolingana, ili klachi isitumike kama breki na gari lisirukeruke.

1. Tumia breki kwanza. Ondoa kasi mpaka ile ambayo gia mpya inaimudu. Usitumie gia kuondoa kasi iliyokwisha kuzidi. Gia inashikilia kasi iliyokwisha kupunguzwa.
2. Kanyaga klachi, toa gia.
3. Klachi ikiwa chini, gusa mafuta mzunguko upande. Ukitoka gia ya nne yenye mizunguko 2,000 kwenda ya tatu kwa uwiano tuliotaja, unahitaji karibu 2,800.
4. Ingiza gia, achia klachi kwa utulivu huku mzunguko ukiwa bado juu.
5. Toa mguu kwenye mafuta, acha injini ishike.

Gari likiinamisha pua unapoachia klachi, mzunguko ulikuwa mdogo. Likisukuma mbele, ulizidisha. Baada ya mara kadhaa sikio huchukua nafasi ya kipimo.

Giaboksi za zamani zisizo na sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha mzunguko wa gia kabla hazijaingia) zinataka klachi mara mbili: kanyaga, weka fri, yaani bila gia, achia klachi, gusa mafuta, kanyaga tena, ingiza gia. Kwa giaboksi hizo kosa la kushindwa kuingiza gia ni zito, maana ukishatoka kwenye gia na lori likashika kasi, huenda usipate gia nyingine mpaka chini.

Shuka gia moja moja ukiwa na tela. Kuruka kutoka ya tano hadi ya pili kunawezekana gari likiwa peke yake, lakini kwa tela mtikisiko mmoja wa ghafla unatosha kuanzisha mkia.

Na kamwe usishuke fri wala klachi ikiwa imekanyagwa. Mafuta hayaokolewi, kwa sababu injini ya kielektroniki iliyo kwenye gia haichomi mafuta inaposhuka, ilhali iliyo fri inachoma ili isizimike.

Otomatiki

Chunguza kwanza gari lako linasemaje. Kwenye magari yenye namba 3, 2 na L, namba huwa ni dari: ukichagua 3, giaboksi haitapita gia ya tatu lakini inaweza kushuka chini yake. Kwenye yenye M na alama za kujumlisha na kutoa, baadhi hushikilia gia uliyochagua, na baadhi nazo huifanya dari tu. Lijaribu kwenye tambarare.

Unapovuta kwenda chini na namba haibadiliki, giaboksi imekataa kwa sababu ya kasi. Usirudierudie kuvuta. Kanyaga breki, punguza kilomita 10 au 15, jaribu tena.

Kuna mtego mwingine. Baadhi ya giaboksi, mzunguko unapofika sehemu nyekundu, hupandisha gia zenyewe kuiokoa injini. Mteremkoni hiyo ina maana kwamba kizuizi kinaachia ghafla pale hasa unapokihitaji. Usiruhusu kipimo kifike huko.

Hali ya kuvuta tela kwa kawaida huchelewesha kupanda gia, na kwenye magari mengi hushusha gia ukikanyaga breki mteremkoni. Ni msaada mzuri, ila hailijui tela lako wala kona iliyo mbele. Shika gia kwa mkono.

Magari yenye mikanda badala ya gia huwa na S, L au B. Kwenye haibridi, B huongeza uzuiaji kwa kuizungusha injini. Haibridi na magari ya umeme yana jambo la kuangalia: betri ikijaa, kizuizi cha kuchaji kinapungua au kuisha. Usichaji hadi asilimia 100 kabla ya kushuka mlima mrefu. Mfumo wa kushukia miinuko uliowekwa kwenye magari mengi ya kila njia nao hutumia breki za magurudumu. Ni wa mwendo wa kutambaa kwenye njia mbovu, si wa kilomita 8 za lami.

Ukiwa njiani

Lenga mzunguko ulio kati ya nusu na robo tatu ya ule wa juu. Injini ya petroli yenye sehemu nyekundu kwenye 6,000 itafanya kazi vizuri kwa 3,000 hadi 4,500. Dizeli ndogo yenye nyekundu kwenye 4,500, kati ya 2,250 na 3,400 hivi. Acha akiba ya mizunguko 500 au zaidi.

Akiba hiyo ina sababu. Kifaa kinachozuia injini kupitiliza hufanya kazi kwa kukata mafuta, na mteremkoni mafuta yamekwisha kukatwa. Anayeizungusha injini ni mlima. Magurudumu yanaweza kuipeleka mbali kupita nyekundu, valvu zikashindwa kufunga kwa wakati, na kwenye injini nyingi valvu na pistoni zikagongana. Breki zipo kwa ajili ya kuzuia jambo hilo lisitokee.

Breki zikanyagwe hivi. Tuseme umechagua kilomita 50 kwa saa. Iache kasi ifike 50, kanyaga kwa nguvu inayohisika mpaka 42, kama sekunde tatu, kisha achia kabisa. Kasi ikipanda tena hadi 50, rudia. Madereva wa malori nchini Marekani hufundishwa njia hiyohiyo: maili 5 kwa saa chini ya mwendo salama, kisha achia.

Wengi hudhani njia hii inapunguza joto lote. Haipunguzi, mwendo wa wastani ukiwa uleule, joto ni lilelile. Faida zake ni nyingine. Mkanyago imara hugawa kazi sawa kwa magurudumu yote, wakati mkanyago mwepesi wa kuburuza unaweza kuziachia breki chache kazi yote, jambo linaloonekana hasa kwenye malori ya breki za upepo. Pia kila mkanyago ni kipimo: ukiona pedali inazidi kwenda chini au sekunde tatu zimekuwa tano, umepata onyo mapema. Anayeburuza mguu hajui kitu mpaka mwisho.

Ukilazimika kukanyaga zaidi ya mara mbili au tatu kwa dakika, gia ni nyepesi. Punguza kasi kwa breki kwenye sehemu iliyonyooka, shuka gia moja, na upange mwendo mpya mdogo zaidi. Kinyume chake, kasi ikizidi kupungua na wenye haraka wakijipanga nyuma yako, usipandishe gia. Gusa mafuta kidogo, au uwapishe.

Gia ibadilishwe kabla ya kona, si ndani yake. Ndani ya kona tela linavuta upande, na mtikisiko wa gia unaongeza kilema hicho.

Barabara inayoteleza

Injini inazuia magurudumu yanayoendeshwa tu. Pikapu yenye nguvu nyuma inazuia kwa tairi mbili, na tela lote linasukuma kutoka nyuma. Kwenye mvua, matope au kokoto laini, gia nzito mno inaweza kuzikwamisha tairi hizo, mkia wa gari ukahama, na tela likajikunja juu ya gari. Kwa hiyo hapa mambo mawili huenda pamoja: mwendo mdogo sana tangu juu, na gia inayoshikilia kwa upole badala ya kubana. Malori yenye breki ya ekzosi au ritada (kizuizi kinachofungwa kwenye shafti) huizima kwenye utelezi kwa sababu hiyohiyo.

Kwenye njia isiyo na lami, gari lenye gia ya magurudumu manne liwekewe gia hiyo ili uzuiaji ugawanywe kwa tairi nne. Kwenye mwinamo mkali tumia upande wake mzito, ule wa gia za chini. Kwenye lami kavu usitumie mfumo wa kuwasha kwa muda usio na difa ya kati (inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti), unajibana kwenye kona.

Tela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na uvute wenzo wa breki za tela peke yake kama upo. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu na usijaribu kulikimbia kwa mafuta.

Breki zikipata moto

Dalili huja kwa mpangilio huu mara nyingi: harufu kali ya kuungua, pedali ngumu lakini gari halipungui (pedi zimechoka kwa joto), kisha pedali laini inayokwenda chini (oili inachemka). Moshi unaweza kuonekana wakati wowote. Ya kwanza inatosha kusimama.

Simama kwenye sehemu tambarare. Weka kabari magurudumuni kabla ya chochote, acha gari kwenye gia au P, na usivute breki ya mkono ikiwa inabana diski au dramu zilezile za moto. Usimwage maji: chuma cha moto kikipozwa ghafla hupinda au kupasuka. Subiri nusu saa angalau, na fahamu kwamba dakika za mwanzo baada ya kusimama joto la diski huhamia kwenye oili, kwa hiyo pedali iliyokuwa ngumu ulipofika inaweza kuwa laini baadaye. Ijaribu kabla ya kuondoa kabari.

Breki zikifeli

Pampu pedali haraka. Oili iliyobaki inaweza kutoa mguso. Vuta wenzo wa breki za tela. Shusha gia moja moja, ukikubali safari hii kelele na mizunguko ya juu. Breki ya mkono ivutwe kidogo kidogo huku kitufe chake kimebonyezwa, ili uweze kuachia tairi zikikwama. Ile ya kitufe cha umeme kwenye magari mengi hufanya kazi ukishikilia kitufe bila kuachia. Usizime injini: utapoteza msaada wa usukani na wa breki, na kwenye gari la ufunguo usukani unaweza kujifunga ukiutoa. Washa taa za hatari, piga honi.

Ikiwa kuna njia ya dharura yenye changarawe, iingie mapema, ukiwa umenyooka na bila kusita. Imewekwa kwa ajili yako. Gharama ya kuvutwa kutoka kwenye changarawe ni ndogo kuliko ya kona inayofuata. Isipokuwepo, chagua kingo za barabara upande wa mlima, si wa bonde, na usugue ubavu wa gari taratibu badala ya kugonga uso kwa uso.

Vifaa vya kuongeza

Breki ya ekzosi huziba njia ya moshi ili pistoni zisukume dhidi ya shinikizo. Baadhi ya dizeli za kisasa zenye tabo hufanya hivyo kwa kubana bawa za tabo yenyewe. Breki ya kuachia mbano, yenye ngurumo ya vipigo vinavyojulikana kwenye malori, hufungua valvu za ekzosi pistoni inapofika juu, ili nguvu iliyotumika kubana hewa isirudi. Ritada huzuia kwenye shafti kwa oili au sumaku, na joto lake, ikiwa ni ya oili, huenda kwenye rejeta: hapo ndipo kipimo cha maji kinaweza kupanda mteremkoni, na hapo ndipo unapotakiwa kukiangalia. Viwili vya kwanza vinategemea mzunguko wa injini. Breki ya ekzosi kwenye gia nyepesi yenye mizunguko 1,400 hufanya kazi ndogo sana. Shusha gia moja, mzunguko upande, ndipo utaihisi.